Ukishalipia Jezi, Kazi Ndiyo Inaanza

Ndugu Mwenyekiti, wakurugenzi, mameneja masoko wenzangu, na nyinyi mliotoka upande wa vilabu na mashirikisho, ambao naona mmekaa karibu na mlango kama watu wanaojua watakachosemwa: habari za asubuhi.

Nimeombwa nieleze namna kampuni inavyoweza kupata faida kubwa zaidi kwenye udhamini wa michezo. Nitaanza na hasara, kwa sababu hiyo naijua kwa karibu.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa afisa masoko kijana katika kampuni ambayo sitaitaja. Tulisaini mkataba na klabu ya mpira wa miguu, mkataba mkubwa kuliko wowote tuliowahi kuugusa. Siku ya kusaini ililetwa ile hundi ya mfano, ubao mrefu kama mlango, na kweli mlangoni haikupita. Vijana wawili waliilaza ubavu wakaipenyeza kwa pembe huku wapiga picha wakicheka. Kesho yake tulikuwa magazetini. Mkurugenzi aliikata ile picha, akaiwekea fremu.

Wiki tatu baadaye nilikuwa kwenye tawi letu moja kwa shughuli nyingine kabisa, nimesimama kwenye foleni nyuma ya mteja aliyevaa jezi mpya ya klabu ile. Nembo yetu imetanda kifuani pake. Alipofika dirishani akamuuliza dada wa kaunta, kwa furaha tu: "Dada, sisi wa timu kuna chochote mmetuandalia?" Yule dada akaitazama nembo, akageuka kutazama ukutani, ambako hakukuwa na hata bango moja, akamrudia mteja: "Labda uulize makao makuu."

Makao makuu yalikuwa mimi. Nilikuwa hatua mbili nyuma yake, na sikusema neno.

Msimu ulipoisha tulifungua stoo tukakuta maboksi ya skafu bado yamo kwenye nailoni. Hakuna aliyekuwa amepangiwa kuyapeleka popote, wala hapakuwa na bajeti ya gari la kuyapeleka. Fedha yote ilikuwa imekwenda kwenye ile hundi. Mkataba ulipokwisha, bodi ikauliza tumepata nini, tukakosa jibu, wao wakaamua kwamba udhamini wa michezo haulipi. Mpaka leo naamini walikosea, ila siwalaumu. Ushahidi tuliowapa ulikuwa fremu moja ukutani.

Tulichodhani tumenunua ni mashabiki. Tulichonunua ni ruhusa. Mkataba wa udhamini, ukiusoma kwa macho makavu, ni orodha ya ruhusa: kuweka nembo hapa, kutumia jina la timu pale, kuwaita wachezaji siku kadhaa kwa mwaka, kupewa viti kadhaa uwanjani, kujiita mdhamini rasmi. Ni kama kibali cha ujenzi. Unaweza kukifungia kabatini miaka kumi, na kiwanja kikabaki na nyasi zake.

Ruhusa yenyewe, hata hivyo, watu wameipigania. Mwaka 1973 nchini Ujerumani, kampuni ya kinywaji cha Jägermeister ilitaka nembo yake ya kulungu ionekane kwenye jezi za Eintracht Braunschweig. Shirikisho la mpira la nchi hiyo lilikataa matangazo kwenye jezi. Wanachama wa klabu wakapiga kura kubadilisha nembo ya klabu yenyewe iwe kulungu, maana hakuna sheria iliyokataza klabu kuvaa nembo yake. Mwaka 1976 huko Uingereza, klabu ndogo ya Kettering Town iliandika "Kettering Tyres" kifuani. Ikaamriwa kufuta. Ikafuta, ikabakiza "Kettering T", na ilipoulizwa ikasema T ni ya Town. Nazipenda hadithi hizi kwa sababu ya jambo moja ambalo watu wa masoko hulisahau: kama nusu karne baadaye bado tunazisimulia, wala si kwa sababu ya ukubwa wa maandishi kifuani. Zilipata umaarufu kwa purukushani zake. Watu hukumbuka kisa, nembo hupita tu machoni.

Sasa tuingie kwenye mkataba wenyewe, na kabla ya bei naomba muulize swali ambalo kwenye vikao vingi haliulizwi: nani hasa tunamtaka, na tunataka afanye nini? Swali hili halipendwi kwa sababu mara nyingi jibu la kweli ni kwamba mkurugenzi mtendaji ni shabiki wa timu fulani. Msicheke, mnajua ninachosema. Nimekaa kwenye vikao ambamo uamuzi ulishafanyika Jumamosi uwanjani, sisi Jumatatu tukabaki kuutafutia sababu. Mapenzi ya mkurugenzi si dhambi, yanasaidia mambo yasonge haraka. Lakini mapenzi hayajui wateja wako wanaishi wapi.

Angalieni Chevrolet. Julai 2012 ilitangazwa kwamba nembo yake ingekaa kifuani mwa Manchester United kuanzia msimu wa 2014, kwa miaka saba, kwa takriban dola milioni 559. Mkuu wa masoko aliyekuwa akiusimamia mkataba huo aliondoka kazini mwezi ule ule. Kisha Desemba 2013, kabla jezi haijavaliwa hata mara moja, kampuni mama yake, General Motors, ikatangaza kuyaondoa magari ya Chevrolet kwenye soko la Ulaya. Yaani timu inacheza Ulaya, kila wiki, kifua kikitangaza gari ambalo mtazamaji wa uwanjani hataliuziwa. Kampuni ilijitetea kwamba ililenga mashabiki wa mabara mengine, hasa Asia, na kweli Manchester United ina mashabiki wengi huko. Hoja hiyo ina uzito wake. Ila mkiona kampuni inalazimika kueleza kwa nini udhamini wake una mantiki, jueni mantiki ilichelewa kufika.

Upande wa pili wekeni Omega. Mwaka 1932, kwenye Olimpiki ya Los Angeles, walituma fundi saa mmoja na saa 30 za kupimia mbio. Ndiyo ilikuwa timu nzima. Tangu hapo wamekuwa wapima muda wa Olimpiki nyingi kuliko kampuni yoyote, na kila mkimbiaji anapovuka mstari, ule muda unaosomeka ni bidhaa yao ikifanya kazi mbele ya dunia. Hawahitaji kumwambia mtazamaji kwamba saa zao ni sahihi. Mtazamaji ameshikilia roho akisubiri saa hiyo hiyo iseme nani kashinda. Ukiweza kuifanya bidhaa yako iwe sehemu ya mchezo, hata kwa kiasi kidogo, umewaacha mbali wenzako wanaobandika nembo pembeni. Maji ya kunywa ya wakimbiaji, mtandao unaorusha mechi, basi linalobeba timu, bima ya mchezaji aliyeumia goti: hivi vina kazi ndani ya mchezo. Kama bidhaa yako haina kazi humo, basi itakulazimu uitafutie hadithi, na hadithi ni ngumu kuliko saa.

Hadithi nzuri ninayoifahamu ni ya Procter & Gamble. Hawa wanauza sabuni na nepi. Sabuni na mbio za mita mia vina uhusiano gani? Walipoanza na Olimpiki, Vancouver 2010 kisha London 2012, waliacha kumtazama mwanariadha wakamtazama mama yake: yule anayeamka alfajiri kumpeleka mtoto mazoezini, anayefua nguo zilizojaa tope, anayelia jukwaani mtoto anapoanguka. Kampeni nzima ilikuwa ya kumshukuru mama. Na nani hununua sabuni na nepi? Mnaona walivyofika. Walipata mlango ambao hakuna mwingine aliyeuona, na hawakulazimika kudai kwamba sabuni inaongeza kasi.

Nije kwenye upekee, maana hapa ndipo thamani ya mkataba hukaa au huvuja. Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 ilikuwa na wadhamini na wagavi zaidi ya 600. Ukiwa mmoja kati ya mia sita, wewe ni msongamano. Peter Ueberroth, aliyeongoza maandalizi ya Los Angeles 1984, alifanya kinyume: wadhamini wachache, kampuni moja tu kwa kila aina ya bidhaa, na bei ya kuanzia dola milioni 4. Kodak, ambao kwa filamu za picha walikuwa kama wenye nyumba, waliona bei ni kubwa, wakavuta muda. Fuji kutoka Japani wakaja na dola milioni 7 wakachukua nafasi. Michezo ile iliisha na ziada ya zaidi ya dola milioni 200, na mfumo wa wadhamini wachache wenye upekee ndio kamati ya kimataifa ya Olimpiki imeutumia tangu katikati ya miaka ya 1980.

Kwa hiyo mkikaa mezani, msiulize kwanza nembo itakuwa na sentimita ngapi. Ulizeni: nani mwingine atakuwepo? Kama wewe ni benki, je, kampuni ya kutuma pesa kwa simu ni mshindani wako au siyo? Leo ni mshindani. Miaka ishirini iliyopita haikuwepo. Mkataba unaosema "benki nyingine hairuhusiwi" umeacha dirisha wazi upana wa basi. Andikeni aina ya bidhaa kwa maneno yenu wenyewe, na mmpe mwanasheria muda. Mjue pia mipaka ya aliyewauzia. Klabu haimiliki haki zote za mchezaji, ligi haimiliki haki zote za klabu, na kituo cha televisheni kina wadhamini wake wa matangazo ya mechi. Barcelona 1992, timu ya kikapu ya Marekani ilipopanda jukwaani kuchukua dhahabu, Michael Jordan, ambaye ni mtu wa Nike, alijitanda bendera ya taifa begani ili kuifunika nembo ya Reebok, washindani wa Nike, iliyokuwa kwenye koti rasmi. Reebok walilipia timu. Bega la Jordan hawakulilipia.

Kuna na haki ya kwanza ya kuongeza mkataba, kipengele ambacho wengi hukipita haraka kwa sababu kiko ukurasa wa mwisho na watu wana njaa. Mastercard walikuwa wadhamini wa Kombe la Dunia kwa miaka 16, na mkataba wao na FIFA uliwapa haki ya kuulizwa kwanza kuhusu kipindi kinachofuata. Mwaka 2006 FIFA wakasaini na Visa. Mastercard wakaenda mahakamani New York, na Desemba mwaka huo jaji akakuta kwamba mkataba ulivunjwa na kwamba maofisa wa FIFA waliidanganya Mastercard. Mwaka uliofuata FIFA ikakubali kulipa dola milioni 90. Visa walibaki na udhamini, lakini Mastercard hawakuondoka mikono mitupu, na kilichowaokoa ni aya moja.

Haya, mmesaini. Hapa ndipo ninapotaka tukae.

Wenye uzoefu wana kipimo chao cha kukadiria: kila dola moja ya kulipia haki, tenga angalau dola nyingine moja ya kuifanyia kazi haki hiyo. Si sheria, na kwa mashindano ya mara moja huwa wanatenga zaidi. Lakini kama bajeti yako ni mia na haki zinagharimu mia, wewe huna udhamini. Una hundi ya mfano. Nunua haki za hamsini kwa klabu ndogo zaidi, na hamsini nyingine iende kazini. Nimeshawahi kugombana na bosi kwa sentensi hiyo, na nitagombana tena.

Kuifanyia kazi maana yake ni nini? Turudi kwa yule dada wa kaunta. Yeye ndiye angekuwa kampeni yetu ya kwanza. Kabla ya tangazo lolote la televisheni, kila mfanyakazi alipaswa kujua siku ya mechi, jina la kapteni, na jibu la swali la yule mteja. Jibu lenyewe lingeweza kuwa dogo mno: ukija na jezi siku ya mechi, ada ya muamala imeondolewa. Tungegharamika kiasi gani? Kidogo sana ukilinganisha na zile skafu. Na yule mteja angetoka pale akawaambia watu kumi, kwa sababu shabiki ni mtu asiyeweza kukaa na habari ya timu yake kifuani.

Kisha kuna watu wa mauzo na wasambazaji. Mtu wa masoko hupenda mashabiki elfu hamsini walioko uwanjani, lakini mara nyingi pesa inayorudi haraka imekaa viti vya wageni maalumu, kwenye wateja thelathini wakubwa. Saa mbili za mechi na mnunuzi mkuu ambaye kwa mwaka mzima hupokea simu yako kwa sekunde arobaini ni nafasi ambayo huwezi kuinunua kwa namna nyingine. Nimeona mikataba ya miaka mitatu ikikubaliwa wakati wa mapumziko. Nimeona pia viti hivyo hivyo vikijaa mashemeji wa wakurugenzi na watoto wao wakimwaga soda kwenye mazulia. Andika orodha ya wageni kwa kila mechi, jina na sababu, na mtu wa mauzo aliyekaa naye aandike baadaye kilichozungumzwa. Ukianza kufanya hivyo, mashemeji hupungua wenyewe.

Na wachezaji mliopewa siku zao, msiwapeleke kukata utepe. Kila kampuni hukata utepe. Mpelekeni kipa wenu kwenye kituo cha huduma kwa wateja apokee simu nusu saa. Mpelekeni kiwandani zamu ya usiku, pale ambapo hata mkurugenzi hajawahi kufika. Wafanyakazi watapiga picha mamia, na kila picha itakwenda kwa ndugu na marafiki ambao hakuna tangazo lingewafikia kwa uaminifu ule. Mcheza kwao hutunzwa, na kampuni nyingi husahau kwamba kwao ni hapo ndani.

Mashabiki nao wanataka kitu kimoja kutoka kwa mdhamini: asiwaharibie mchezo, na ikiwezekana auboreshe. Shabiki hachukii pesa yako. Anajua straika analipwa na nani. Anachochukia ni tangazo lililokatisha marudio ya goli. Uliza kinachomsumbua. Foleni getini? Usafiri wa kurudi mechi za usiku? Mtoto asiyeona kwa sababu ya watu warefu mbele? Ukitatua kimojawapo, hutahitaji kumlazimisha akukumbuke. Halafu kaa naye timu inapofungwa. Ukipenda boga, penda na ua lake. Wadhamini wengi hupotea mitandaoni timu ikifungwa mara tatu mfululizo, wakirudi siku ya kombe na maneno ya "tulikuwa pamoja". Hawakuwa pamoja, na shabiki anajua tarehe.

Usipozifanyia kazi haki zako, mwingine atazifanyia. Kodak walipokosa Olimpiki ya 1984 hawakwenda kulala. Walinunua matangazo kwenye kituo kilichorusha michezo na wakaidhamini timu ya riadha ya Marekani, na watazamaji wengi wakadhani wao ndio wenyewe. Atlanta 1996, Nike hawakuwa wadhamini rasmi, lakini mabango yao yalitapakaa mjini, wakafungua jengo lao jirani na kijiji cha wanamichezo, na Michael Johnson akashinda mita 200 na 400 akiwa na viatu vyao vya rangi ya dhahabu. Nani hapa anakumbuka wadhamini rasmi wa Atlanta? Viatu mnavikumbuka.

Tunayaita matangazo ya kuvizia, na mdhamini rasmi hukasirika, mara nyingine kupita kiasi. Kombe la Dunia 2010, mechi ya Uholanzi na Denmark, wanawake 36 waliovaa vigauni vya rangi ya chungwa walitolewa uwanjani kwa tuhuma za kuitangaza kimagendo bia ya Bavaria, wakati Budweiser ndiyo iliyolipa. Vigauni havikuwa na nembo inayoonekana. Kama wangeachwa wakae, kamera zingewapita kama zilivyowapita maelfu wengine waliovaa rangi ile ile. Walipotolewa, dunia nzima ikajifunza jina la bia ndogo ya Uholanzi. Ushauri wangu ni kwamba pesa ya mwanasheria iwe ndogo kuliko pesa ya mawazo. Funga milango iliyo kwenye mkataba, kisha fanya kazi kwa sauti kubwa kiasi kwamba mviziaji asisikike.

Vipimo sasa, na hapa nitakuwa mkali kidogo.

Wapo wanaowaletea ripoti nene mwisho wa msimu: nembo yenu imeonekana kwenye runinga saa kadhaa, dakika kadhaa, na kama mngenunua muda huo kama tangazo mngelipa mamilioni fulani, kwa hiyo mmepata faida. Ripoti hizo hupendeza bodi. Lakini nembo inayopita nyuma ya kiungo anayekimbia si sawa na tangazo linalomweleza mtu kitu. Mwaka 2010, wataalamu wa upimaji wa mawasiliano waliokutana Barcelona walikubaliana kanuni zao, na mojawapo ilisema wazi kwamba kulinganisha habari na bei ya matangazo hakupimi thamani yake. Zaidi ya muongo umepita na bado tunalipia ripoti hizo.

Na hatari ya kuamini namba bila kuuliza chanzo iko pande zote. Juni 2021, Cristiano Ronaldo alisogeza chupa mbili za Coca-Cola kwenye meza ya waandishi wa habari akainua maji. Dunia ikaandika kwamba ameipotezea kampuni dola bilioni 4. Hisa zilishuka siku ile, ni kweli. Lakini zilikuwa zimeshaanza kushuka kabla chupa haijaguswa, na siku hiyo hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya hisa hizo kuuzwa bila gawio, yaani mnunuzi mpya hapati mgao wa faida uliokwisha tangazwa, jambo ambalo kwa kawaida hushusha bei. Mkiweza kumbebesha Ronaldo bilioni nne kwa mkono mmoja, basi mnaweza kuubebesha udhamini wenu faida yoyote mnayotaka. Ni hesabu ile ile, imegeuzwa tu.

Pimeni hivi. Kabla ya kusaini, siyo baada, waulizeni watu: mashabiki wa timu ile na wasio mashabiki. Wanaijua kampuni yenu? Wangenunua? Wameshanunua? Rudini baada ya miezi sita na baada ya mwaka. Kama mashabiki wamesogea na wasio mashabiki wamebaki palepale, kuna jambo limetokea. Kama wote wamesogea sawasawa, huenda ni tangazo lenu la redio. Chukueni maeneo mawili yanayofanana, moja mfanye kazi ya udhamini kwa nguvu, jingine mlitulize, mlinganishe mauzo. Toeni ofa yenye namba ya pekee kwa wanaokuja na tiketi. Wahesabuni wateja wakubwa waliokaa viti vya wageni na mikataba yao iliyofuata. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji kampuni ya nje, na vyote vinahitaji uanze kabla ya hundi ya mfano. Sisi hatukuwa na kipimo cha mwanzo, ndiyo maana hatukuweza kujitetea hata kwa yale mazuri yaliyotokea.

Kuhusu hatari nitapita haraka. Mwanamichezo ni binadamu. Accenture, kampuni ya ushauri wa biashara, walikuwa wamejenga matangazo yao juu ya mcheza gofu Tiger Woods kwa miaka sita. Desemba 2009, mambo ya nyumbani kwake yalipoanikwa, walilazimika kung'oa mabango viwanja vya ndege duniani kote. Mtu mmoja ni kisa kizuri na ni kamba moja. Timu ni kamba nyingi, lakini kisa chake ni hafifu zaidi. Chagueni mkijua, na kipengele cha mwenendo kiwepo, chenye maneno yanayoeleweka kuhusu nani anaamua kwamba mwenendo umeharibika.

Hatari nyingine inatoka kwa mwenyeji mwenyewe. Novemba 18, 2022, siku mbili kabla ya mechi ya kwanza ya Kombe la Dunia, Qatar iliamua kwamba bia haitauzwa kwenye maeneo ya viwanja. Budweiser walikuwa na udhamini unaoripotiwa kufikia dola milioni 75, na maghala yaliyojaa. Waliandika mtandaoni sentensi moja ya mtu aliyeona haya, wakaifuta, lakini ilikuwa imeshazunguka dunia. Kisha wakatangaza kwamba nchi itakayoshinda itapelekewa bia hiyo. Siwezi kusema walifurahi. Ila kwa saa arobaini na nane zile walizungumzwa kuliko ambavyo wangezungumzwa kwa kuuza vikombe uwanjani, kwa sababu walikuwa na watu walioruhusiwa kuamua haraka. Kampuni ngapi hapa, msimamizi wa mitandao anaweza kuandika sentensi bila kusubiri saini nne?

Kwa kampuni ndogo ambazo zimekaa kimya muda wote huu zikidhani siwasemi: nyinyi mna nafasi nzuri kuliko mnavyofikiri. Timu ya daraja la chini, mbio za mtaani, ligi ya wanawake ambayo bado haijagombaniwa. Huko bei ni ya mazungumzo, wachezaji wanapatikana, mwenye klabu anapokea simu yake mwenyewe, na kila shabiki anaweza kuwa mteja kwa sababu anaishi hatua chache kutoka dukani kwako. Ombi langu moja kwenu ni muda. Msisaini mwaka mmoja. Mwaka wa kwanza watu wanakuzoea, wa pili wanakuamini, wa tatu ndipo unaanza kuvuna, na wengi huondoka wa pili wakisema hailipi.

Ukifika wakati wa kuondoka kweli, ondoka kama mgeni mwenye adabu: iambie klabu mapema, itafute mrithi, waage mashabiki kwa jina lako. Wapo wadhamini walioondoka miaka mingi iliyopita na bado jezi zao za zamani huvaliwa uwanjani kila wiki bila wao kulipa senti.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na sioni nembo yoyote juu yake, nadhani ni fursa imepotea. Tuna dakika kumi za maswali. Yule bwana wa mstari wa nyuma ameinua mkono tangu nilipowataja mashemeji, naomba yeye aanze.